Posta, Transfoma na Kiti cha Roda

Mimi fahali namjua kwa kilo. Ukiniletea ng'ombe dume hapa Khayega ukaniambia huyu amewafukuza wenzake wote kutoka Malinya hadi Shinyalu, nitamtazama mapaja, nitamtazama shingo, halafu nitakuuliza kama mwenye bucha ameshamwona. Ndiyo maana nafaa kuisimulia habari hii. Sikuwa upande wa mtu. Nauza rangi na mabati, na Ijumaa ile nilitaka kitu kimoja tu: ubao wa Roda uandikwe jina, mchoraji ashuke, na ngazi yangu irudi dukani.

Roda nimemjua tangu alipokuwa akiuza chai ya thamosi kando ya uwanja wa kupiganisha fahali. Ni mfupi, mpana, na sauti yake humfikia mtu aliye ng'ambo ya barabara kabla mwenyewe hajaamua kumwita. Aliolewa Kabras kwa mkata miwa. Mume alipofariki akarudi kwao Isukha na sufuria mbili. Wengine walimshauri akae nyumbani ahurumiwe kidogo. Yeye alichofanya ni kuangalia watu wanatokea wapi wakiwa na njaa, akaona wanatokea uwanjani Jumamosi asubuhi, koo zimekauka kwa kupiga kelele, akaenda kusimama pale wanapopitia. Chai ikazaa maharagwe, maharagwe yakazaa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na thamosi ikawa kibanda, kibanda kikawa nyumba ya matofali yenye mlango wa chuma. Mlango ule nilimuuzia mimi. Tulibishania bei yake hadi mteja aliyekuwa nyuma yake akaenda kununua kwingine, na nikijumlisha na hasara ya mteja yule, mlango ule nilimpa bure.

Basi nyumba ikaisha, ikabaki jina. Hapo ndipo Roda, mwanamke mwenye akili zake zote, akafanya kosa ambalo mtu wa Mombasa au wa Nyeri hawezi kulifanya hata akilipwa. Alitangaza mbele ya wateja kwamba hoteli yake itaitwa jina la fahali bora kuliko wote waliowahi kukanyaga viwanja vya huku.

Siku ile chai ilipoa vikombeni.

Wateja wa Roda walikuwa makundi mawili hata kabla ya hapo, ila walikuwa hawajui. Walioketi upande wa dirisha walikuwa wazee, na mkuu wao alikuwa Philemon, mstaafu wa kiwanda cha sukari. Alikuwa mtu wa mizani ya miwa, na tangu astaafu hupima kila kitu kwa macho, hata mandazi. Fahali wake, yaani fahali aliyemtetea, maana mwenyewe hakuwahi kumiliki hata ndama, aliitwa Posta. Posta alikuwa wa zamani, wa mtu aliyefanya kazi ya kupeleka barua, na wazee walisema alipokuwa akiingia uwanjani wanawake waliacha kuchota maji.

Upande wa mlango walikaa vijana wa bodaboda, na msemaji wao alikuwa Willis, muuza vipuri vya pikipiki. Wake alikuwa Transfoma, fahali wa juzi juzi, mweusi tititi, aliyekuwa akilishwa molasi na kulala chini ya neti ya mbu.

"Neti!" Philemon alikuwa akisema, na neno lile lilimtoka kama mtu anayetema mfupa. "Ng'ombe dume! Neti! Posta alilima Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi akapigana, Jumapili tukaazima mgongo wake kubeba mahindi ya kanisa."

"Mzee, huyo alikuwa punda," Willis alijibu. "Transfoma alikuwa mwanariadha. Anakulanga vizuri, analala vizuri, anapigana. Nina video hapa. Ya Posta iko wapi?"

"Hata babu yako hana video, na wewe upo."

Mambo haya si mageni kwangu. Wauzaji wangu wa jumla kule Kakamega mjini ni ndugu wawili Wahindi wa vifaa vya ujenzi, na wao ugonjwa wao ni kriketi. Mkubwa husema wapigaji wa zamani walisimama mbele ya mpira bila kofia ya chuma, kichwa wazi, na kiwanja kimejaa mashimo. Mdogo husema hao wa zamani wangerushiwa mpira wa leo wangemwita mama. Nimewahi kusubiri misumari hadi foleni ikatoka nje ya mlango, kwa sababu ya watu wawili waliocheza kabla ya baba yangu kuoa. Siku moja niliwauliza kwa nini wanajisumbua na wachezaji waliokwisha kustaafu. Mkubwa akanitazama kwa huruma. "Bwana Were," akaniambia, "wao wamestaafu. Sisi bado tunacheza."

Sasa, kriketi ya wale ndugu haifungi duka. Ya Roda ilikuwa inafunga. Alhamisi Philemon alimjia jikoni kwa upole mwingi, kofia mkononi.

"Mama, mimi sikutishi. Lakini ukiandika Transfoma pale juu, sisi wazee hatutaweza kupita chini yake. Shingo zetu hazitakubali. Tutakunywa chai ng'ambo."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli nyingine. Chai yake ilikuwa maji yaliyoambiwa habari za majani, lakini ilikuwa na televisheni.

Philemon hajafika kwenye kiti chake, Willis naye yuko jikoni. "Mathe, nakuheshimu kama mama yangu. Ukiandika Posta, hizi boda zote zitakuwa zinashusha abiria kule kwingine. Si mimi, ni vijana. Mimi siwezi kuwazuia."

Kwa hiyo nilipofika Ijumaa asubuhi kuulizia ngazi yangu, hali ilikuwa hivi. Sydney mchoraji alikuwa juu, amepaka ubao rangi ya kijani, ameandika HOTELI YA kwa herufi nyeupe nzuri, kisha amekaa kwenye ngazi anapiga miluzi. Kesho yake kulikuwa na pambano kubwa, watu wa Idakho wote na wa Isukha wote wangepita mlangoni pale wakiwa na njaa. Roda alihitaji jina kabla ya jua kuzama, na kila jina lilikuwa linampunguzia nusu ya wateja.

"Andika Roda," nilimwambia. "Hoteli ya Roda. Umemaliza."

"Were, hoteli za Roda ziko ngapi Kenya hii? Halafu nikikimbia jina la ng'ombe sasa, pande zote mbili watasema niliogopa, na chai ya mtu mwoga hainunuliwi."

"Basi chagua."

"Wangu ninaye. Nimewaambia tangu mwanzo. Karani."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, na Sydney kule juu alicheka hadi ngazi ikatikisika. Karani alikuwa fahali wa babake Roda, na mtu yeyote wa umri wangu huku anamjua kwa sababu moja. Akiingizwa uwanjani, alitembea hadi katikati, akanusa nyasi, akalala. Akakunja miguu, akaanza kucheua kama karani wa serikali baada ya chakula cha mchana. Mpinzani anakuja mbio, anamkuta hivyo, anamzunguka, anamnusa, anakosa pa kushika. Ng'ombe hajui kupigana na kilima. Mwisho wake anachoka anaondoka zake.

Na hapa lazima nieleze kwa msomaji asiye wa huku. Katika mchezo wetu wa fahali hakuna refa wala pointi. Wanakutanishwa vichwa, na yule atakayegeuza mkia akaondoka ndiye aliyeshindwa. Hata kama alikuwa anaongoza. Hata kama mwenzake anavuja damu. Ukigeuka, umekwisha, ngoma zinalia, mwenye fahali aliyebaki anabebwa juu. Kwa sheria hiyo Karani alishinda mara nyingi sana, na hakuna aliyewahi kumbeba babake Roda hata hatua moja.

"Huyo hakuwa fahali," Philemon alisema kutoka dirishani, maana alikuwa ametusikia. "Alikuwa sofa."

"Kwa hilo mzee niko na wewe," Willis akasema kutoka mlangoni, na lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu Willis azaliwe.

Roda alifuta mikono kwenye leso. Nimebishana bei na mwanamke huyu miaka mingi, na uso ule naujua. Ni uso anaouvaa akishajua atanunua kwa ngapi, ila anataka wewe ndiye uitamke hiyo bei.

"Sawa," alisema. "Tuamue kwa sheria ya uwanja. Mzee Philemon, kaa hapa. Willis, kaa hapa, mtazamane. Wewe ni Posta, wewe ni Transfoma. Jadilianeni mpaka mchoke. Atakayeondoka kwenye kiti, fahali wake ameshindwa, na jina lake halipandi juu."

"Na sababu ya kuondoka?" Willis aliuliza. Kijana mwangalifu.

"Mnasemaje wenyewe?"

Philemon aligonga meza. Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe, ila hakuna aliyeiona kamba. Willis alikuwa amezoea kumkejeli kwamba ushindi mkubwa wa Posta ulitokana na mpinzani kuona mtamba anapita barabarani akamfuata. "Nimesema siku zote," mzee akanguruma, "aliyeondoka ameondoka! Hatuulizi alikuwa anakwenda kufanya nini. Mtamba, maji, harusi ya dada yake, hatuulizi!"

"Umekubali, Willis?"

"Nimekubali. Mzee mwenyewe kibofu chake kina umri gani? Hii ni ya saa moja tu."

Watu wakacheka, wakasogeza viti. Kisha Roda akavuta kiti cha tatu, akaketi pale pale kati yao, akajifunga leso vizuri kiunoni na magotini kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Mama, na wewe unaamua?" Philemon aliuliza.

"Siamui. Mimi ni Karani."

Kicheko kilichopigwa pale kilimtoa mwenye hoteli ya ng'ambo nje kuangalia kuna nini. Willis alipiga paja. Philemon alisema kwa furaha, "Aketi, aketi! Hata sofa lina haki ya kukaa." Hakuna aliyemhesabu tena baada ya hapo. Yeye alianza kuendesha hoteli akiwa kitini, bila kugeuza hata shingo.

"Jeruto! Maharagwe yanaungua!"

"Hayaungui," Jeruto alijibu. Ni mpishi wake, mtu wa Nandi, mtulivu, na ng'ombe kwake ni maziwa.

"Basi yanakaribia! Na ulete chai. Hawa wawili chai yao leo ni bure."

Bure. Neno hilo Roda hulitumia mara chache kuliko kanisa linavyotumia neno la matusi. Nilimtazama. Akaniangalia kama mtu asiyejua kitu. Yeye mwenyewe, nilivyoona, hakugusa kikombe.

Mjadala ulianza vizuri, kwa heshima. Philemon alieleza shingo ya Posta, akaonyesha upana wake kwa mikono, na mkono wa kulia ukamfikia mtu wa meza nyingine machoni. Willis akafungua simu, akaonyesha Transfoma akimwinua mpinzani hadi kwato za mbele zikaacha ardhi. Wazee wakasema ile video imeharakishwa. Vijana wakasema ni wazee ndio wamepunguzwa kasi. Mzee mmoja akasema pembe za zamani zilikuwa za Mungu, sasa zinachongwa kwa kioo kama penseli. Kijana mmoja akasema zamani fahali walikuwa wachache, mtu unakuwa bingwa kwa sababu wengine wameliwa.

"Posta angemkuta Transfoma wako," Philemon alisema, "angemwambia rudi nyumbani ukalale kwenye neti."

"Posta angemkuta Transfoma, angefikiri ni usiku umeingia."

"Molasi! Fahali wa molasi ni kama mkate, ukimfinya anarudi!"

"Mzee, kunywa chai, inapoa."

"Kunywa wewe."

Maana wote wawili walishaelewa ile chai. Lakini tatizo la chai ya Roda ni kwamba ni tamu, ina maziwa ya kweli na tangawizi, na mtu anayepiga kelele hukauka koo. Mkono unajiendea. Kikombe kinaisha, Jeruto anajaza, hasemi kitu. Kufikia mchana Philemon alikuwa amekunja mguu wa kushoto juu ya wa kulia, kisha wa kulia juu ya wa kushoto, na sentensi zake zimeanza kuwa fupi. Willis alikuwa ameegemea mbele, jasho kwenye pua, anauza plagi kwa simu.

"Iko kwa rafu ya pili. Hapana, siwezi kuja. Niko... niko kwa mkutano."

Simu ile ndiyo ilimponza. Kati ya wateja na video, ikazimika.

"Transfoma amekatika stima!" Philemon alipaza sauti, na upande wa dirisha ukasimama wote kushangilia, isipokuwa yeye mwenyewe, ambaye alishikilia kiti kwa mikono miwili asije akasahau.

Habari ilishafika mbali. Watu walishuka kwenye magari wakaja kuona. Walimu wawili wa Bukura waliokuwa wakienda zao mjini walikula obusuma wamesimama, wakachukua upande, wakagombana wao kwa wao. Sufuria ya ingokho iliisha, ikawekwa nyingine. Kila aliyeingia kutazama alinunua kitu, kwa sababu Roda kutoka kitini alikuwa akimwita kwa nguo aliyovaa. "Wewe mwenye koti la buluu, unatazama bila kula, hapa ni sinema?" Mimi mwenyewe nililipia sahani niliyokuwa sina mpango nayo.

"Na kesho pambano litaanza mkiwa hapa hapa," mtu mmoja akawaambia.

Nyuso zao zikabadilika. Hilo walikuwa hawajalifikiria. Philemon hajawahi kukosa pambano tangu aoe, na mkewe atakuambia hata siku ya kuoa kulikuwa na mashaka. Willis aliinamia mezani.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "tusimame pamoja. Moja, mbili, tatu."

"Ili useme nilianza mimi?"

"Basi useme wewe."

"Transfoma akiomba msamaha kwanza, nitafikiria."

Wakarudi kuangaliana kwa chuki, na jua likaanza kushuka upande wa Mumias. Sydney alikuwa ameshuka, amekula, amepanda tena. Roda hakuwa amesema neno juu ya Karani tangu asubuhi. Alikuwa ametulia tu, anachambua dengu kwenye ungo, macho kwenye dengu.

Ndipo tukazisikia.

Kwanza ilikuwa tarumbeta ya pembe, mbali, kutoka upande wa Idakho. Halafu filimbi. Halafu isukuti yenyewe, ile ngoma kubwa na ya kati na ya mtoto, zikija pamoja. Fahali wa kesho alikuwa analetwa alale kwa jamaa zake karibu na uwanja, na watu wake wanamsindikiza kwa matawi na nyimbo. Hilo ni jambo la kawaida kila mkesha wa pambano. Lakini siku zote hupita barabara ya chini, ile ya mtoni, ambako kutoka kwa Roda unasikia kama mtu anagonga mlango wa jirani. Siku ile zilikuwa zinakuja na barabara ya juu. Zilikuwa zinakuja kwetu.

Mtu wa kwetu akisikia isukuti, miguu haimwombi ruhusa. Niliona mabega ya Philemon yakianza. Bega la kushoto, bega la kulia, kidogo kidogo, kama maji yanayokaribia kuchemka. Uso wake ulikuwa unakataa, mabega yanakubali.

"Ni wa nani huyo?" Willis aliuliza hewa.

"Sauti ya filimbi ni ya watu wa Malinya," Philemon akasema, shingo imerefuka.

"Wanasema ni mtoto wa yule mwekundu. Mzee, wanasema ana kifua hiki!"

"Nani kasema? Umemwona?"

"Sijamwona!"

"Wala mimi!"

Ngoma zikafika mlangoni. Vumbi likaingia, na matawi, na nyuma ya matawi ukaonekana mgongo, mwekundu, mpana kama meza, ukipita taratibu dirishani kana kwamba nyumba ndiyo inayotembea. Sijui nani alikuwa wa kwanza. Nilichoona ni viti viwili vimelala chali na Philemon na Willis wamekwama mlangoni bega kwa bega, kila mmoja anasukuma, hakuna anayerudi nyuma, mlango wangu wa chuma unalia lakini unastahimili. Kisha umati ukawasukuma kutoka nyuma na wote tukamwagikia barabarani.

Nasema tukamwagikia. Nilipozinduka nilikuwa katikati ya barabara na brashi ya Sydney mkononi, sijui nimeichukua wapi, na mabega yangu yana mambo yao. Philemon alikuwa anacheza mbele ya fahali akirudi kinyumenyume, goti bovu limepona. Willis alikuwa anazunguka kifua cha ng'ombe akikipima kwa mikono, anapiga kelele, "Mzee, njoo uone! Njoo uone hii shingo!" Na mzee alikwenda, wakaipima pamoja, wakashikana mikono, wakakubaliana kwamba ni shingo.

Kisha Philemon akakumbuka. Mikono yake ikabaki hewani. Akageuka kuangalia hoteli, na Willis akageuka, na sote tukageuka.

Jeruto alikuwa amesimama kizingitini na mwiko, anatutazama kama mvua isiyomhusu. Ndani, kwenye meza tupu, Roda alikuwa ameketi na ungo wake wa dengu.

Tulirudi ndani taratibu. Wale wawili kwanza walipitia nyuma ya nyumba, na walikawia, na hakuna aliyewalaumu. Waliporudi nyuso zao zilikuwa na amani, ila vinywa vilikuwa tayari.

"Mama, ile ni ngoma!" Philemon alianza. "Ngoma haihesabiwi. Mtu akisikia ngoma..."

"Mzee, mtamba, maji, harusi ya dada yake?" Roda aliuliza.



"Lakini yeye alitangulia," Willis akasema. "Mimi nilimfuata kumrudisha."

"Mliondoka pamoja," Jeruto akasema kutoka mlangoni. "Mlango uliwabana." Kwa kawaida Jeruto hasemi kitu, kwa hiyo akisema huwa kimesemwa.

Nilikuwa naangalia pande mbili za hoteli, dirishani na mlangoni, nikisubiri kuona ni upi utaanza kuvuka barabara. Hakuna aliyeinuka. Ndipo nikaelewa bei ambayo mwanamke huyu alikuwa anaitafuta tangu asubuhi. Posta hakushindwa na Transfoma. Transfoma hakushindwa na Posta. Hakukuwa na mzee wa kumcheka kijana wala kijana wa kumcheka mzee.

"Sydney," Roda aliita. "Andika Karani. Na umchore pale pembeni, amelala."

"Sofa!" Philemon na Willis walilia pamoja.

"Sofa lililobaki uwanjani," alisema Roda. "Kuna mwenye refa?"

Hakukuwa. Wakavuta viti, na kwa hasira wakakaa meza moja, maana sasa walikuwa na adui mmoja na mipango ya kupanga.

Wapiga ngoma waliingia kunywa chai. Jeruto akafunua sufuria kubwa kuliko zote, imejaa hadi ukingo, ya moto. Mimi ni mfanyabiashara. Chai ya kiasi kile haichemki kwa muda wa watu kucheza barabarani. Ile ilikuwa imewekwa jikoni watu wa Malinya wakiwa bado kwao. Na kiongozi wao, wakati anapita karibu na Roda, alimwamkia kwa macho tu, jinsi watu wanavyoamkiana wakiwa na makubaliano.

Nikainama sikioni mwake. "Uliwapa nini wapite barabara ya juu?"

"Were, mimi nilikuwa nimekaa tu. Watu mia wameniona."

"Na wewe ni mtu wa Isukha kama sisi. Ngoma imepita hapa, hukuinuka vipi?"

Alitazama huku na huku, akainua ungo kidogo. Leso niliyodhani amejifunga magotini ilikuwa imepitishwa kwenye mguu wa kiti, ikazungushwa, ikakazwa mafundo kama mzigo wa kuni.

"Nifungulie upesi," alininong'oneza. "Mguu mmoja umekufa ganzi, na mwingine bado unacheza."

Nilipiga magoti nikamfungua. Nikamwomba punguzo la sahani yangu ya mchana kwa kazi ile. Alikataa.

Jumatatu nilikwenda kuchukua ngazi, maana Sydney alikuwa ameondoka kwenda Ekero na kuiacha pale pale ukutani. Juu ya ubao wa kijani fahali wa kahawia alikuwa amekunja miguu, ameridhika, na chini yake wote wawili walikuwa wamesimama, vikombe mkononi, wakimkagua.

"Pembe zake hazikuwa hivyo," Philemon alikuwa akisema. "Zilikuwa zimefunguka zaidi."

"Mzee, wewe kwani ulimwona?"

"Nilimwona! Nilikuwepo siku alipomfukuza babake Posta. Sikiliza nikuambie, kijana. Watu husema alikuwa amelala." Akashusha sauti, na vijana wawili wa boda wakasogea ili wasikose. "Hakuwa amelala. Yule alikuwa anahesabu pumzi za mwenzake."

"Na jicho moja wazi," Willis akasema polepole. "Nilisikia hivyo. Jicho moja lilikuwa wazi."

"La kushoto."

"Mimi nilisikia la kulia."

"Kushoto! Wewe ulikuwa wapi?"

Kutoka jikoni Roda akamwambia Jeruto aweke chai nyingine. Nikachukua ngazi yangu nikaondoka kabla hawajaniuliza nilikuwa upande wa jicho gani.